Pamba Ndani ya Boya

Shughuli yote iligharimu shilingi mia moja na kumi na nne, ng'ombe wanne, na mtu mmoja. Nimejumlisha mara mbili. Kuhusu shilingi na ng'ombe mtu anaweza kubishana nami, lakini huyo mmoja kila nikimhesabu ni mmoja.

Kifo hicho kina mwenyewe, mwanamume aliyebebeshwa lawama yake kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Si mimi. Ningekuwa mimi, nisingekuwa na haja ya kuandika.

Wakati ule duka langu lilikuwa njia panda, pale unapoanza kushuka kuelekea Bweranyange. Marehemu baba alikuja huku kutoka Pangani akifuata bei ya ngozi, akaifuata mpaka bei ikafa, yeye akabaki. Nilirithi kwake mizani, cherehani ya mkono, na tabia ya kutoamini jumla iliyopigwa na mtu mwingine. Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka. Watu waliingia dukani kama wanaokuja kumwona mgonjwa: wanasimama, wanaitazama chumvi, wanatikisa kichwa, wanaondoka bila kununua.

Ndipo akaja mzungu wa bati. Alikuwa na shimo lake mwenyewe la kuchimba madini ya bati upande wa Kyerwa, yeye na vibarua kumi na wawili, na kila nilipowaona vibarua hao niliwahesabu upya kwa sababu sikuamini kwamba shimo lile linaweza kuwalisha. Siku hiyo alikuja na lori, na juu ya lori kulikuwa na mashua nyeupe ya urefu wa hatua tano. Kuitoa Bukoba mpaka kwetu, lori na wachukuzi, kulimgharimu shilingi sitini. Aliniambia mwenyewe, kwa fahari.

"Itabeba nini, Bwana?" nilimwuliza.

"Itanibeba mimi."

"Kwenda wapi?"

"Katikati ya ziwa."

"Halafu?"

"Halafu itarudi."

Nimefanya biashara na wendawazimu wengi, lakini yeye alikuwa wa kwanza kulipa taslimu.

Ziwa lenyewe, lile la chini ya Bweranyange, si kubwa. Limezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu, na ndani ya mafunjo kuna viboko. Watu wa pale walikuwa na mitumbwi, lakini waliisukuma kwa miti kandokando ya mafunjo tu, wakitega samaki kwa vikapu. Katikati hakuna aliyekwenda, maana katikati hakuna anayemdai mtu kitu. Kuogelea hakukuwa na mjuzi. Watu wa migombani hawana sababu ya kuogelea, na watu wa ng'ombe wanaona maji ni ya ng'ombe.

Mzungu aliajiri watu wawili wa kwenda naye ziwani kila Jumapili. Wa kwanza alikuwa kijana mpiga kasia, mtoto pekee wa mama mjane aliyekuwa na migomba na kahawa kidogo jirani na ziwa. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mabega mapana, na mdomo usiopumzika. Wa pili alikuwa mchungaji wa ng'ombe, Mkristo, wa rika langu, kutoka kwenye nyasi za juu, mwenye ng'ombe kumi na mmoja wa kwake. Huyu, mzungu alimchukua kwa sababu siku moja alimwona akimtupia fahali kamba na kumlaza chini kwa mkono mmoja. Alisema mtu anayejua kamba hivyo atajua nanga. Sote tulikubali. Kamba ni kamba, tulisema.

Nanga ya kizungu ilikuwa imepotea njiani kutoka Bukoba, na nadhani hivi sasa ni majembe mawili mazuri mahali fulani. Mhunzi akafua nyingine ya makucha matatu kwa shilingi mbili. Kamba nilitoa mimi, katani, pima ishirini, kwa shilingi kumi na mbili. Niliipima mara mbili, mara ya pili mbele yake, nikamwongezea shibiri moja ili asije akanisema. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema.

Tatizo likawa maboya.

Yalikuwa ya kuvaa, kama fulana zisizo na mikono, za turubai, zimeshonwa mifuko mifuko kifuani na mgongoni, na kamba za kufungia ubavuni. Yalikuwa matatu. Moja, la mzungu mwenyewe, lilisafiri ndani ya sanduku lake la bati. Mawili yalilala ghalani Bukoba miezi mingi, na panya walizaa ndani yake. Mzungu aliyatupa juu ya meza yangu, akachomoa kwa vidole viwili ujazo mweupe uliobaki, laini kama nywele za mtoto.

"Unajua hii?"

"Sufi, Bwana. Naijua tangu utotoni."

"Jaza hii. Hii hii. Si nyingine."

"Hii hii, Bwana. Shilingi kumi na nne kila moja."

"Nane."

"Kwa nane, Bwana, nitakushonea mfuko mtupu, uelee kwa imani."

"Tisa."

"Bwana, sindano ya turubai peke yake..."

"Kumi. Na usiongee tena."

Kumi mara mbili, ishirini. Alilipa yote palepale, na hilo ndilo lililoniharibu, maana mtu akishakulipa yote anakuachia nafasi ya kufikiri.

Sufi ilikuwa haipatikani kwetu. Ilibidi niandike Bukoba, Bukoba waandike pwani, mzigo upande treni, upande meli, upande lori. Wiki sita. Ratili tano za sufi, mpaka zinifikie mlangoni, shilingi kumi na tatu. Lakini nyuma ya duka nilikuwa na gunia la pamba mbichi ya Usukuma, niliyokuwa nimeipata kwenye deni la mtu. Ratili tano, kwa senti arobaini, shilingi mbili. Kumi na tatu toa mbili, kumi na moja. Nilitoa mara mbili.

Si kwamba nilikusudia ubaya. Nyumbani kwetu baba alikuwa na mto mmoja wa sufi, na wageni tu ndio walioruhusiwa kuulalia. Sisi tulilalia pamba, na asubuhi shingo zetu zilikuwa sawa na za wageni. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sufi ni pamba yenye majivuno. Hakuna mtu aliyewahi kuitupa mito yetu majini ili anifundishe tofauti.

Na nilijaribu. Hilo nalisema kwa sababu nililisema pia mbele ya baraza, na ni kweli. Siku nilipomaliza boya la kwanza, yule mpiga kasia aliingia dukani kununua chumvi.

"Shikamoo, mwenye duka."

"Marahaba. Njoo uone nguo yako ya Jumapili."

Nilikuwa na pipa la maji ya mvua uani. Nililitupia boya ndani, na juu yake nikaweka jiwe la mizani la ratili kumi. Likaelea. Lilikaa juu ya maji kama bata anayetaga.

"Ee!" alisema kijana, akalisukuma chini kwa kiganja. Likarudi juu. Akalisukuma tena, likarudi tena. "Na mtu mzima?"

"Mtu ni mwepesi majini kuliko jiwe. Ukishalivaa hili, hata ukitaka kuzama hutaweza."

"Basi mama apunguze kusali, anamchosha Mungu bure."

Tulicheka wote wawili. Mteja mwingine akaita mbele, nikalitoa boya, nikalianika. Lilikaa majini muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa. Baadaye, miaka baadaye, mnunuzi mmoja wa pamba aliniambia kwamba pamba mbichi ina mafuta yake ya asili, hairuhusu maji upesi. Inakataa, inakataa, halafu inakubali yote kwa pamoja. Sikumwuliza inakataa kwa muda gani. Nilikuwa nimeshajua.

Niliwapelekea vitu ufukweni mwenyewe. Yule mchungaji alichukua ncha ya kamba, akaipitisha kwenye pete ya chuma mbele ya mashua, akafunga kwa upesi ambao macho yangu hayakuufuata. Mkia wa kamba aliuacha ukining'inia.

"Fundo gani hilo?" nilimwuliza.

"La ndama. Ndama ukimfunga, akivuta, linakaza. Lakini akijinyonga, huna muda wa kufungua kwa kucha. Unavuta mkia huu, mara moja, yuko huru." Akanionyesha. Kamba ikaanguka yote kama haikuwahi kufungwa. Akafunga tena. "Babu yangu aliokoa ndama wengi kwa hili."

"Na nanga ikijinyonga?" aliuliza mpiga kasia.

"Nanga haina shingo, mjinga wewe."

"Na wewe huna kichwa. Vaa boya lako."

"Linabana. Na linanuka panya. Nitalikalia, makalio yangu hayajazoea mbao."

"Haya, mwacheni akae juu ya kigoda chake. Akizama, ng'ombe zake nitazirithi mimi."

Mzungu alivuta kamba kwa nguvu kuelekea nje, fundo likakaza, akasema vizuri. Hakuuvuta mkia. Mimi nililiona fundo likifunguka kwa vidole viwili, mimi mtoto wa mtu wa Pangani, na sikusema neno, kwa sababu lilinipendeza.

Jumapili tatu walikwenda na kurudi. Ya nne, baada ya saa nane mchana, upepo ulishuka kutoka vilimani. Haya ninayoyaandika sasa nilisimuliwa na mchungaji mwenyewe, mara nyingi, na hajawahi kubadilisha hata neno moja. Najua, maana nilikuwa nikimsikiliza kwa kulinganisha.

Walikuwa wametia nanga katikati, mzungu anavua kwa mshipi. Mawimbi yalipoanza, mzungu alisimama kuukunja mshipi wake. Kiatu chake kikakanyaga mkia wa kamba, mashua ikaruka, mkia ukavutwa. Fundo la ndama likafanya kazi yake. Nanga ikabaki chini pamoja na kamba yangu, mashua ikageuka ubavu kwenye wimbi na mzungu bado amesimama, na ikapinduka.

Lakini haikuzama. Hapa ndipo watu wanaporuka wanapoisimulia. Mashua ya mbao iliyopinduka inaelea. Wote watatu waliishika, matumbo yao juu ya mbao, wakapiga kelele. Walikaa hivyo muda wa kumenya na kuivisha ndizi za watu watano. Upepo ulikuwa unawasukuma polepole kuelekea mafunjo. Wangefika.

Mpiga kasia akayatazama mafunjo, akapima kwa macho.

"Mimi nina boya," alisema. "Nakwenda kuleta mtumbwi."

"Subiri," mchungaji alimwambia. "Tunasogea."

"Tunasogea kama konokono, na viboko wametusikia. Mwenye duka amesema siwezi kuzama."

Akaachia.

Alikwenda vizuri mwanzoni, akipiga maji kwa mikono kama mtoto anayetambaa, na hata akageuka kucheka. Alipofika nusu ya njia, mabega yakawa yameshuka. Halafu kidevu. Akaanza kuvuta kamba za ubavuni, zile za kufungia. Zilikuwa zimeshonwa mara mbili. Mimi nilizishona. Akamgeukia mchungaji uso wake kama mtu anayetaka kuuliza alichosahau nyumbani, na hakuuliza.

Wawili waliobaki waliokolewa na watu wa vikapu kabla jua halijaegemea vilima. Lile boya la pili, alilokuwa amelikalia mchungaji, halikuonekana tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini kitu cha kuelea hakikuelea. Kuhusu kijana, watu walisema kuna kitu cha ziwani kilimvuta. Ilikuwa wazi kwao. Mtu aliyevaa boya hawezi kuzama, basi amevutwa.

Siku ya tatu alipatikana ndani ya mafunjo. Wajomba zake walipomvua lile boya, hawakujua ni la nani, maana mzungu alikataa hata kulitazama. Wakaniletea mimi.

"Kitu chako, mwenye duka," alisema mmoja, akakiweka mlangoni kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha. "Pole."

Mimi ndiye niliyepewa pole.

Walipoondoka nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sikulifanya hata baba alipofariki. Nikaliweka boya kwenye mizani. Lilipotoka mikononi mwangu lilikuwa ratili nne, turubai na pamba na uzi. Sasa lilikuwa kumi na saba. Nikalishusha, nikapangusa sahani ya mizani, nikalipima tena. Kumi na saba. Maji yalitiririka sakafuni yakafuata mteremko mpaka kwenye magunia ya chumvi, nami nilisimama nikiyatazama yakienda. Kisha nikalichana, pamba nikaimwaga chooni konzi kwa konzi, turubai nikaichoma. Turubai mbichi haiungui upesi. Ilinichukua mpaka adhuhuri ya siku ya pili.

Shauri lilisikilizwa na mkungu, ndiye mkuu wetu wa eneo, kwenye uwanja mbele ya nyumba yake. Mzungu alipewa kiti. Mama wa marehemu aliketi chini, nguo yake imefungwa kiunoni kwa mshipi wa gome la mgomba kama wafanyavyo waliofiwa, na hakulia. Alikuwa anamtazama mchungaji tu, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayejifunza sura ili asiisahau.

"Leteni kamba," alisema mkungu. Ikaletwa. "Lifunge kama ulivyolifunga."

Mchungaji alifunga kwenye mguu wa kiti kitupu. Mkungu alivuta kamba kwa nguvu, ikakaza, watu wakanong'ona. Halafu akaushika mkia kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, akauvuta taratibu kama anayenyofoa uzi kwenye nguo. Kamba yote ikaanguka chini.

Uwanja mzima ulitoa sauti moja. Sijaisikia tena sauti hiyo, na siitaki.

"Sikuvuta mimi," mchungaji alisema. "Bwana aliukanyaga mkia."

Mkungu akamtazama mzungu.

"Fundo la nanga halifunguki kwa kukanyagwa," mzungu alisema.

Na ni kweli. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Ubaya wa shauri lile ni kwamba kila kilichosemwa pale kilikuwa kweli.

Kisha wakaniita mimi niliyeuza vifaa.

"Kamba ilikuwa nzima?"

"Nzima. Pima ishirini na shibiri."

"Na maboya?"

"Nililijaribu kwenye pipa mbele ya marehemu mwenyewe, na jiwe la ratili kumi juu yake. Lilielea."

"Wako waliomsikia marehemu akilisema hilo?"

Walikuwepo, wengi. Alikuwa amelisimulia kila mahali, kwa kicheko, na jinsi alivyomwambia mama yake apunguze kusali. Mama akainamisha kichwa mara moja, ndiyo, alimwambia. Mkungu akasema nikae. Nilikaa. Kama angeniuliza ndani ya boya kuna nini, naamini ningesema. Nimeiamini hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila nikiipima upya inapungua uzito.

Ng'ombe wanne, mmoja akiwa na mimba, kutoka kwa mchungaji kwenda kwa mama. Mzungu alitoa shilingi ishirini na blanketi moja kwa moyo wake mwenyewe, akaondoka kabla ya mvua. Mashua aliiacha. Watu waliitazama miezi kadhaa, halafu mtu mmoja akaibeba kwake, na ikawa chombo cha kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu. Wanasema umbo lake lilifaa kuliko gogo lolote la kuchonga.

Mchungaji alibakiwa na ng'ombe saba na fundo. Hilo la pili lilikula la kwanza. Sokoni, akimshika tu mbuzi wa mtu, utasikia:

"Wewe! Mwache huyo, afunge mwingine! Ukimfunga wewe, kesho nitamfuata Uganda!"

"Mzee, hebu tufunge na huyu mke wangu, nimemchoka!"

Wanacheka, na yeye anacheka kidogo nao, halafu anaweka mikono nyuma. Nilimwona akiweka mikono nyuma mara nyingi mpaka ikawa ndiyo namna yake ya kusimama. Watu waliacha kumpa ng'ombe wao awachunge. Mke wake alianza kufunga ndama yeye mwenyewe, kimya kimya, ili majirani wasione nani amefunga. Mwishowe akauza wote saba, akahamia Kanoni, akanunua kishamba cha kahawa na migomba. Mtu aliyekuwa akimlaza fahali kwa mkono mmoja ameinama na jembe katikati ya watu ambao hata lugha yao ya ndizi haijui vizuri.

Mimi nilihamia Kituntu. Duka lilikua. Sakafu sasa ni ya saruji.

Mchungaji alikuwa akija kwangu kila baada ya miezi miwili, anapita maduka mengine matatu ili anunue kwangu. Chumvi yake niliizidishia. Sukari niliizidishia. Mafuta ya taa niliyajaza mpaka yakamwagika mdomoni mwa chupa. Sikuwahi kumzidishia mteja mwingine yeyote tangu nizaliwe, na wanangu walidhani nimeanza kuzeeka.

"Mizani yako ina huruma," alikuwa akiniambia. "Nyinyi Waislamu mtatutangulia peponi."

"Beba chumvi yako uende."

"Naenda, naenda. Asante, ndugu yangu."

Nimejaribu kujumlisha chumvi yote ile. Haifiki popote.

Juzi Jumanne alikuja, na haikuwa miezi miwili. Alikuja na fimbo, vumbi mpaka magotini. Mama watoto akamletea chai, akauliza hali ya nyumbani, akatuacha. Mchungaji, namwita hivyo bado ingawa hana hata mbuzi, aliishika bilauri bila kunywa.

"Yule mama ameniita," alisema.

Sikuhitaji kuuliza mama yupi. "Bado yu hai?"

"Kidogo. Katekista alikuja Kanoni kwa baiskeli kunifuata. Mama hali tena, wanamlowanisha midomo tu. Anasema anataka kuondoka akiwa amemsamehe kila mtu. Amewaita mmoja mmoja. Jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, amemsamehe. Shemeji yake, amemsamehe. Nimebaki mimi."

"Si jambo jema, akusamehe?"

"Anasema hawezi kumsamehe mtu ambaye hajasema. Ng'ombe nililipa. Kusema sikusema. Pale barazani hawakuniuliza kama nilimuua, waliniuliza fundo linafungukaje. Sasa anataka niende nikae karibu na kitanda chake, niseme kwa kinywa changu: mimi nilimuua mwanao. Basi. Nikishasema hivyo atanisamehe, padri atampaka mafuta, atapumzika."

Nilitaka kusema. Nilifungua kinywa changu kabisa, na nilichomwuliza ni kama aongezewe sukari.

"Usiniongezee," alisema. "Nisikilize. Mimi nilimwona. Alikuwa ameishika mashua, mimi nimeishika, mzungu ameishika, na mashua haikuzama. Fundo lilifunguka, sikatai, lakini sote tulikuwa hai baada ya fundo. Aliachia kwa mikono yake mwenyewe. Kila siku namwona anaachia. Nikimwambia mama nilimuua, nitakuwa nimemdanganya mtu anayekufa. Nikimwambia sikumuua, atakufa na mimi kifuani, na wanangu watabaki watoto wa mtu aliyekataa msamaha. Nimekaa nalo siku tatu. Mke wangu anasema sema tu, ni maneno. Katekista anasema sema tu, ni sadaka. Lakini wote hao hawakuwepo. Wewe ulikuwepo. Kamba ulitoa wewe, boya ulishona wewe, barazani ulisimama, na katika watu wote wa upande ule wewe peke yako hujawahi kunicheka wala kunipunja."

Akaweka bilauri chini, chai imejaa vile vile.

"Kesho asubuhi naanza safari ya Bweranyange. Nishauri, ndugu yangu. Niseme nilimuua?"